Kapteni Valerian Tesha Hakuchagua Kuwa Peke Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wetu wa Kilema, shikamooni. Wageni mliotoka Moshi mjini, Himo, Tarakea na kwingineko, karibuni, na poleni kwa matope ya njia.

Wasifu huu umeandikwa na dada wa marehemu, Doris Thadeus Tesha, mwalimu wa hesabu, na ndiye anayeusoma. Wasifu wa kwanza alikuwa ameshaumaliza, mzuri tu, wa kistaarabu, usiomuudhi mtu. Kisha Jumamosi kampuni iliyomwajiri marehemu ikaleta hapa nyumbani boksi la karatasi za buluu, zina picha yake akitabasamu, ziwekwe langoni kila mwombolezaji achukue yake. Humo ndani kuna sentensi inayosema: "Kapteni Valerian alipendelea mwenyewe kuruka peke yake, na ndivyo alivyotuacha." Mama yetu, Bibi Mektrida, aliposomewa sentensi hiyo aliweka kikombe chini. Akasema, "Doris, andika upya."

Basi umeandikwa upya. Anayetaka wa kistaarabu atatusamehe.

Kapteni Valerian Thadeus Tesha alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1976, katika kihamba hiki hiki mlichokalia, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa marehemu mzee Thadeus Tesha na Mama Mektrida. Alibatizwa na kupata Kipaimara katika parokia yetu. Kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa mwisho, kihamba kilikuwa chake kwa desturi yetu, na leo ndimo anamolala, kati ya migomba na kahawa aliyoipanda baba.

Tangu utoto alikuwa na haraka. Mwaka 1985 nyumbani palikuwa na ubatizo wa mtoto wa shangazi, na mama akawatuma Valerian na Doris wakachukue pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa jirani wa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka mlimani. Valerian alikuwa na miaka tisa, Doris kumi na miwili. Wakafika kwenye mfereji, Doris akavuka kwanza, akanyoosha mikono kulipokea. Valerian akalisukuma akaachia. Doris alikuwa bado hajalishika! Pipa likabiringika mteremko mzima, likavunja mche wa kahawa, likatumbukia mfereji wa chini, na mbege yote ikaenda kunyweshea mashamba ya watu. Wazee walikuwa wameshakaa na vibuyu vyao mikononi. Aisee, siku hiyo mama hakuchapa mtu, lakini aliongea maneno ambayo watoto wake hatujayasahau. Alisema, "Mkibeba kitu wawili, usiachie mpaka usikie mwenzako amesema nimeshika. Usidhani. Usitazame macho yake. Usikie!" Tangu siku ile, kwenye nyumba hii hata sufuria ya mtori haishuki jikoni bila mtu kusema "nimeshika". Waliooa na walioolewa hapa hutucheka, halafu baada ya mwaka nao wanasema.

Alisoma shule ya msingi hapa parokiani kuanzia 1984 hadi 1990, kisha sekondari mjini Moshi, akamaliza kidato cha sita mwaka 1997. Hesabu alifundishwa na dada yake wakati wa likizo, kwa kelele nyingi, na alifaulu. Kila Ijumaa, badala ya kupanda gari la Kilema, alikuwa anapitia uwanja mdogo wa ndege wa Moshi kuangalia ndege. Hapo ndipo alipokutana na Mzee Balwant, fundi wa ndege, ambaye yupo nasi leo pale mbele mwenye kilemba cha kijivu. Mzee Balwant alimwuliza, "Wewe kijana unatafuta nini hapa kila wiki?" Valerian akajibu, "Natafuta mtu wa kunifukuza, nijue kama nataka kweli." Mzee Balwant alicheka, akampa tambara aanze kufuta mafuta. Alifanya kazi naye miaka mitatu, na hadi leo Mzee Balwant husema hajawahi kuona mtu anayeuliza maswali mengi hivyo.

Mwaka 2001 ukoo ulichanga, akaenda Afrika Kusini kusomea urubani. Barua yake ya kwanza kutoka huko ipo, mama anaitunza ndani ya Biblia. Aliandika: "Mama, huku wana sheria yako. Mwalimu akitaka kunipa usukani wa ndege anasema shika wewe, na mimi lazima nijibu nimeshika mimi, ndipo anaachia. Nimewaambia mama yangu alianza kabla yao." Mama aliitembeza barua hiyo Kilema nzima. Wengi wenu hapa mliisomewa, wengine mara mbili.

Alirudi mwaka 2003 akiwa na leseni ya urubani wa kibiashara. Kwa miaka kumi na miwili alirusha ndege ndogo za watalii kwenda mbugani, zile za kutua kwenye nyasi baada ya kuwafukuza pundamilia. Mwaka 2015 akajiunga na kampuni hii ya ndege za kukodi. Jina lake halitasomwa hapa, kwa sababu mama amekataa lisitamkwe juu ya kihamba chake. Mwaka 2017 kampuni ilinunua jeti ndogo ya injini mbili yenye viti saba vya abiria, na hapa waombolezaji inabidi mvumilie kidogo, kwa sababu maneno yote ya ile karatasi ya buluu yanatoka hapa.

Jeti kubwa mnazoziona zikitua KIA haziruki bila marubani wawili. Lakini zipo jeti ndogo za wafanyabiashara zilizotengenezwa na kupimwa kwa namna ambayo rubani mmoja aliyefundishwa anaweza kuzirusha. Ndege yenyewe inapewa cheti hicho, na rubani naye anafanyiwa mtihani wake. Si mtihani wa kubahatisha. Valerian alikaa wiki tatu kwenye chumba kinachoigiza ndege, mtahini nyuma yake anamzimia injini wakati wa kuruka, anamwashia taa ya moto, anamwondolea mtambo wa kujiendesha, anamletea wingu na mvua, na huku mnara wa kuongozea ndege unamsemesha redioni. Yote hayo ayashughulikie mtu mmoja kwa mikono miwili. Alifaulu mara ya kwanza. Kila mwaka alirudia mtihani huo, na kila miezi sita alipimwa afya. Hakukosa hata mara moja. Wanaosema vilabuni Himo kwamba "alikuwa anajidai, anaendesha ndege kama bodaboda", tunawaomba leo wafunge midomo. Au wasimame hapa mbele waonyeshe vyeti vyao.

Hatutasema uongo mbele ya jeneza. Mwanzoni alijivuna. Alipofaulu tulifanya sherehe hapa, mbege ikanywewa safari hii bila kumwagika, naye akasimama akasema yeye ni miongoni mwa watu wachache nchini wenye ruhusa ya kurusha jeti peke yao. Watu wakapiga vigelegele. Mama peke yake hakupiga. Aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "Na ukishikwa na tumbo huko juu, nani anasema nimeshika?" Valerian alicheka sana. Akasema, "Mama, mimi tumbo langu ni la mtori, halishikwi." Tukacheka wote. Hata dada yake alicheka, na kicheko kile kinamuuma mpaka leo.

Tarehe 7 Oktoba 2006 alifunga ndoa takatifu na Violet Shirima wa Tarakea, muuguzi. Violet alimpenda akiwa rubani wa ndege za mbugani anayerudi nyumbani na vumbi masikioni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Victoria aliye kidato cha sita, na Lucky aliye kidato cha pili. Alikuwa baba wa kuwapigia simu watoto kila baada ya kutua. Hakuwa na maneno mengi, alisema tu, "Nipo chini." Victoria akiwa mdogo alidhani hiyo ndiyo salamu ya marubani wote, na shuleni alimwamkia mgeni aliyevaa sare kwa maneno hayo hayo.

Ni Violet aliyeona kwanza kwamba kicheko kimeisha. Miaka ya karibuni kampuni iliongeza safari. Asubuhi Nairobi, mchana Zanzibar, jioni Mwanza, kesho yake hivyo hivyo, na kila mahali yeye ndiye rubani, ndiye redio, ndiye karani wa hali ya hewa, ndiye mbeba mizigo. Violet akamwuliza, "Baba Victoria, mbona unalala na viatu?" Akasema, "Ndege inaruhusiwa mtu mmoja, mama. Hakuna mahali wameandika mtu huyo hachoki." Alianza kuona kwamba kile cheti alichokipigania, ambacho kilisema anaweza, kampuni ilikuwa inakisoma kana kwamba kinasema lazima.

Basi aliandika. Karatasi ya buluu inasema alipendelea mwenyewe, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Tarehe 6 Februari 2023 aliandika barua kuomba rubani msaidizi kwa siku zenye safari zaidi ya mbili. Hakujibiwa. Tarehe 19 Machi 2024 aliandika tena, akasema hata kijana anayejifunza atamtosha, wa kujibu redio na kumwangalia. Akaambiwa ofisini kwa mdomo kwamba linashughulikiwa. Tarehe 11 Februari mwaka huu akaandika ya tatu, na hii ilijibiwa kwa maandishi na meneja wa safari, Bwana Shedrack, ambaye amekuja kutuzika na tunamshukuru kwa kuja. Amekaa hema la pili. Jibu lilikuwa na mistari miwili. "Ndege imethibitishwa kwa rubani mmoja. Kiti cha kulia ni kiti cha abiria."

Nakala za barua hizo nne zimebandikwa kwenye ubao pale kando ya jiko la kina mama. Kila mmoja apite asome kabla hajachukua chakula. Mwalimu Doris amesahihisha pia ile karatasi ya buluu kwa kalamu nyekundu, nayo ipo hapo ubaoni. Imepata sifuri.

Kuhusu ugonjwa. Marehemu hakuwa mgonjwa. Mwezi Aprili alipimwa, moyo, macho, damu, akapewa cheti chake kama kawaida. Hakuficha kitu, kama wanavyonong'ona wengine. Jumanne tarehe 3 Juni ilikuwa safari yake ya nne kwa siku hiyo, kutoka Mwanza kuja KIA, abiria saba. Wa saba aliketi kiti cha kulia, kile cha abiria. Alikuwa Bwana Deepak, mfanyabiashara wa Moshi, na haya tunayajua kwa sababu yeye mwenyewe alipanda mpaka hapa Kilema kwa miguu yake, gari lilipokwama kwenye tope, akakaa na mama akamweleza. Tumwombe asimame tumwone. Ahsante, Bwana Deepak, kaa.

Walikuwa wameshaanza kushuka, mlima unaonekana upande wa kushoto, Valerian alipokaa kimya katikati ya sentensi. Bwana Deepak akamtazama, akaona jasho na mkono wa kushoto umelala mapajani. "Kapteni, vipi?" Valerian akasema kifua kinambana. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unaona hii namba? Ni mwendo wetu. Nisomee kwa sauti, usinyamaze hata nikikuambia nyamaza." Bwana Deepak anauza vipuri vya matrekta. Hakuwahi kushika hata usukani wa boti. Lakini alisoma. Mia na hamsini. Mia na arobaini. Mia na thelathini na tano. Alisoma huku machozi yanamtoka, anasema, na nyuma wale wengine sita wanaongea habari za mkutano wao, hawana habari. Valerian aliuambia mnara anaumwa na anaomba gari la wagonjwa, akashusha magurudumu, akatua. Akaipunguza mwendo, akaitoa kwenye njia kuu ili ndege nyingine zisizuiwe. Hata hilo alilikumbuka! Akafunga breki, akazima injini zote mbili.

Halafu akamgeukia Bwana Deepak, akasema, "Shika wewe."

Bwana Deepak alimwambia mama, "Mimi sikujua nijibu nini. Nilinyamaza. Akarudia mara ya pili, shika wewe, mkono wake bado uko kwenye usukani, hauachii. Wakaja watu wa gari la wagonjwa wakautoa kidole kimoja kimoja." Mama alimshika Bwana Deepak mkono akamwambia, "Huna kosa, mwanangu. Wewe ulikuwa abiria." Na kweli hana kosa. Kosa lina mwenyewe, na limeandikwa kwa mistari miwili ubaoni pale.

Alilazwa hospitalini Moshi siku tisa. Madaktari na wauguzi walifanya kila waliloweza na familia inawashukuru sana. Siku ya nne alizungumza kidogo. Aliuliza abiria wangapi wameumia, Violet akamwambia hakuna hata mmoja. Aliuliza kama ndege imepata mkwaruzo. Violet, ambaye hatukani mtu, siku hiyo alitukana hiyo ndege. Valerian alitabasamu, akasema, "Mwambie mama alisema kweli." Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa.

Siku mbili baadaye ndipo lilipokuja boksi la buluu.

Familia imeulizwa inataka nini. Wengine wamesema tunatafuta fidia, wengine wamesema tunataka kumfunga mtu. Mambo ya sheria yana watu wake na wakati wake. Mama ana ombi moja, na ameagiza liandikwe hapa. Mnaona upande wa kulia wa jeneza kuna kiti kitupu, na juu yake jani la isale. Wageni wasiolijua, kwetu Uchagani aliyemkosea mwenzake hufika na jani hilo mkononi, na aliyekosewa hawezi kulikataa. Mama hakusubiri waje nalo, kalikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba na kuliweka kitini, ili mtu asije akasema hakujua pa kulipata. Anayetoka kampuni na achukue isale, akae kwenye kiti hicho, aseme mbele ya watu hawa sentensi moja tu: "Aliomba msaidizi, tukamnyima." Leo, kesho, mwakani. Mama ana miaka themanini na mmoja, na amesema atangoja, na kiti hakitaondolewa barazani mpaka siku hiyo. Mama yetu akisema atangoja, msimfanyie mchezo.

Hasira hii, ndugu zetu, si ya kuharibu mazishi. Mtu huyu aliwaleta nyumbani watu saba wazima akiwa na mkono mmoja na moyo unaokatika. Watu saba wanakula na watoto wao leo. Halafu karatasi yenye picha yake inatuambia ndivyo alivyopenda! Hakupenda. Alipenda kazi, alipenda mtori wa mkewe, alipenda kupogoa kahawa Jumamosi akiwa na redio ndogo kwenye tawi. Kuwa peke yake kule juu alikukataa mara tatu kwa maandishi.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Bibi Mektrida Tesha. Mke wake, Violet. Watoto wake, Victoria na Lucky. Kaka yake, Filbert. Dada zake, Gladness na Doris. Wapwa na shemeji wengi. Mzee Balwant, aliyemfanya fundi kabla hajawa rubani. Na abiria saba.

Lipo jambo moja limebaki kabla hajashushwa. Alisema "shika wewe" mara mbili na hakuna aliyemjibu. Mtoto wa nyumba hii alifundishwa asiachie mpaka asikie, na dada yake anaamini bado ameshikilia. Basi tusimame wote, hata mliokaa hema la pili, na programu zenu za mazishi mikononi. Dada yake ataita, nanyi mjibu kama ilivyochapwa hapo chini. Msijibu kwa kunong'ona. Asikie.

Msomaji: Valerian, mama yupo, Violet yupo, watoto wapo. Upo chini. Achia, mdogo wangu.

Wote: Tumeshika sisi.